Salvina wa Stoo ya Njoro na Mlango Namba Moja

Mama Salvina hawezi kuona msumari chini akaupita. Hata akiwa amevaa gauni la Jumapili, mkoba mkononi na rozari ndani ya mkoba, atainama. Atauokota, atauangalia ulivyopinda, halafu atautia kwenye mfuko mdogo alioushonea ndani ya kila gauni lake kwa kazi hiyo. Mimi ni seremala, misumari ndiyo riziki yangu, lakini heshima aliyo nayo huyu mama kwa msumari mkongwe sijaiona kwa mtu mwingine yeyote.

Naitwa Eliufoo. Mimi ni Mlutheri wa Masama, yeye ni Mkatoliki wa Kibosho, na kwa miaka kumi na moja niliyofanya kazi kwake tulitaniana juu ya hilo mpaka utani wenyewe ukaisha makali. Sasa amestaafu, magoti yanamsumbua. Naandika habari zake kwa sababu watu wa mjini wanazisimulia vibaya. Wanasema alibahatika. Bahati gani? Mimi nilikuwepo.

Alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma. Kwa miaka ishirini na miwili aliandika kwenye kadi kila kilichoingia na kila kilichotoka. Mwaka 1993 shirika likauzwa, wakapunguzwa kazini yeye na wenzake, akatoka na cheti cha shukrani na tabia ya kuandika kadi. Cheti kiliharibika kwa mvua. Tabia ilibaki.

Siku zile Moshi mjini nyumba za zamani zilikuwa zinaangushwa moja baada ya nyingine. Biashara imefunguliwa, kila mwenye kiwanja anataka ghorofa lenye maduka chini. Asubuhi moja Salvina alipita kwenye nyumba ya marehemu Mansukhlal, mfanyabiashara aliyejulikana sana enzi zake, akakuta vibarua wanaibomoa na wanachemsha chai. Kuni zao zilikuwa mlango wa mninga. Wameupasua kwa shoka, bawaba za shaba bado zinaning'inia.

"Eliufoo, nililia," aliniambia baadaye. "Siku waliyotupunguza kazini sikulia. Nikaja kulia kwa ajili ya mlango."

Akafuta machozi, akaenda moja kwa moja kwa Mama Usha, mkwe wa Mansukhlal, ambaye ndiye alikuwa na neno la mwisho katika ile nyumba. Hakuwa anamjua. Alimwambia kwamba hataki kununua kitu wala kupewa kitu kiwe chake. Anataka tu visichomwe. Kuna watu mlimani wanalala chini ya majani ya migomba, wakati huku mjini milango inachemsha chai. Mama Usha alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza angeviweka wapi. Salvina hakuwa amefikiria hilo. Basi Mama Usha akatoa kiwanja cha familia kilichokuwa kimelala Njoro, chenye ukuta na kibanda, akasema atumie.

Ndivyo ilivyoanza stoo. Vifaa vilivyotolewa kwenye nyumba zinazobomolewa vinakuja Njoro, vinasafishwa, vinauzwa kwa bei ya chini. Fedha inayoingia inalipa mishahara yetu na gari, na inayobaki inaezekea nyumba za watu wasiojiweza. Kulikuwa na kamati ya watu watano, Mama Usha akiwa mmoja wao, na hakuna aliyekuwa na hisa hata ya bawaba moja. Mchagga afungue duka asile faida! Watu walisubiri miaka miwili waone ghorofa la Salvina linachomoza wapi. Halikuchomoza popote, wakaona basi lazima kuna jambo anaficha.

Kazi yetu ilikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Wanawake wanne walikaa kutwa nzima kwenye kipande cha reli wakinyoosha misumari kwa nyundo, na sauti yao ilisikika mpaka barabarani. Na kila mlango, kila dirisha, kila ubao mzito, Salvina aliuchoma alama kwa msumari uliotiwa moto: namba ya kadi na jina la nyumba ulikotoka. Milango aliichoma juu kabisa, kwenye ule unene unaotazama kizingiti cha juu, mahali ambapo hapaoni mtu ila seremala. Nilimuuliza sababu. Alisema ule mlango wa mninga ulipasuliwa kwa sababu hakuna aliyejua ni wa nani.

Mlango wa kwanza kabisa kuchomwa alama ulikuwa mlango wa mbele wa nyumba hiyohiyo ya Mansukhlal. Mvule mtupu, mpana, una maua yaliyochongwa kuzunguka pembe zote, pamoja na fremu yake. Namba moja. Ulikaa stoo miaka mitatu, watu wanaupapasa, wanasifu, wanaondoka.

Hapa ndipo Wachagga wenzangu waliponichosha. Mtu amevaa suti ya mitumba kutoka soko la Memorial, viatu vya mitumba, tai ya mitumba, ila ukimwambia aweke dirisha lililotumika anakuangalia kama umemtukania ukoo. Nyumba ya kihambani, kwenye shamba la migomba la baba zake, ndiyo sura ya mtu. Desemba tunarudi wote nyumbani, kutoka Dar, kutoka Mwanza, hata kutoka Nairobi, na kinachoangaliwa kwanza ni nyumba. Kwa hiyo wateja walikuja, lakini hawakuja wenyewe. Walituma mafundi. Ukiona mwezi wa kumi na mbili pikapu inapanda mlimani imejaa majani ya ng'ombe, na mwenye pikapu hafugi hata kuku, ujue chini ya majani kuna madirisha ya Mama Salvina.

Na mimi nilikuwa na dhambi yangu, bora niiseme mapema. Wateja walikuwa wananiomba nitoe ile alama. Randa mbili tatu juu ya mlango, herufi zinaondoka, mlango unakuwa hauna kwao. Nilifanya hivyo kwa milango mingi, nikimngoja Salvina aende benki au kanisani. Alama alichoma yeye, mimi nikazifuta, na mshahara nikala kwake.

Mwaka 1997 akaja Julius Ndesario. Huyu ni mwenzangu wa Masama, tumesoma darasa moja, akatajirika Arusha kwa vipuri vya magari. Ni kitinda mimba, kwa hiyo baba alipofariki, kwa desturi yetu kihamba chake kilimwangukia yeye, na mama yake, Bibi Elifuraha, akawa wa kukaa naye. Alikuwa anamjengea mama nyumba. Alifika Njoro amevaa miwani ya jua siku ya mawingu.

"Fundi," akaninong'oneza, "nataka mlango wa mbele ambao Masama nzima hakuna."

Nikampeleka kwa namba moja. Aliugusa maua yale kwa kidole, akavua miwani. Hakuuliza umetoka nyumba gani. Aliuliza tu nani mwingine atajua.

"Kadi zangu haziongei," Salvina akamjibu.

"Na mama akiniuliza, umetoka Dar es Salaam. Tumeelewana?"

Tulielewana. Nikaufunga mwenyewe. Kwa kuwa ulikwenda na fremu yake, ulikaa sawasawa, haukuhitaji randa hata ya kusingizia. Alama ikabaki juu pale, nami nikajiambia nitarudi siku nyingine kuitoa. Sikurudi.

Sasa tuje Januari 1999, maana hapo ndipo kila kitu kilipotaka kuvunjika. Upepo ulishuka kutoka msituni mchana mmoja ukabeba paa la shule yetu ya msingi. Madarasa manne. Lilikuwa na miaka mitatu tu lile paa, la mabati mapya ya bei rahisi yaliyojaa madukani baada ya biashara kufunguliwa, geji thelathini na mbili, membamba kiasi kwamba ukiyapiga kofi yanatetemeka mpaka yakuchoshe. Tuliyaokota kwenye migomba ya watu, yamejikunja. Darasa la saba wakahamia ndani ya kanisa, darasa la nne wakawa wanasomea ndani ya kuta zisizo na kitu juu. Masika yalikuwa yanakuja katikati ya Machi.

Huko Njoro nako kulikuwa na mambo. Pratik, mtoto wa Mama Usha, alikuwa amekuja baada ya Krismasi akasema, kwa adabu zake zote, kwamba kiwanja kinakaa bure. Nusu ya vitu havitoki. Hakuwa mwongo. Mlango unaweza kumdanganya jirani kwamba umetoka Dar, lakini bati la zamani halifichiki, rangi yake ya kijivu inaonekana tangu barabarani. Tulikuwa na mabati mia mbili na sitini yaliyotoka kwenye ghala lao wenyewe, geji ishirini na nne, mazito, na kwa mwaka mzima hayakununuliwa hata moja. Pratik alisema atangoja hadi Pasaka. Kama ikifika Pasaka stoo haijafanya kazi moja kubwa, ya kuonekana na watu, arudishiwe kiwanja ajenge ghala. Mama Usha alikuwa ameketi pembeni yake na hakumpinga.

Salvina aliposikia habari za shule yetu alisimama kutoka kwenye kiti.

"Madarasa manne yanataka mabati mangapi?"

Nilipiga hesabu. Mia mbili na arobaini.

"Yesu na Maria," akasema, na akaanza kuvaa viatu.

Mkutano wa wazazi uliitishwa wiki ya pili ya Februari, pale shuleni, madawati yamepangwa juani. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa nani? Julius. Salvina alipanda na gari letu, amebeba bati moja la kijivu. Alisimama akasema maneno machache: mabati yapo, mbao za kenchi za paa zipo, misumari ipo na imenyooshwa. Shule haitalipa chochote, wazazi walete nguvu zao na wawapikie mafundi. Kabla ya masika watoto watakuwa ndani.

Nilidhani watapiga makofi. Wakamwangalia Julius.

"Tunamshukuru mama," Julius akasema, "lakini nimeshaongea na watu wetu wa Dar. Wameahidi mabati mapya, ya rangi nyekundu. Ikifika Agosti yatakuwa hapa. Watoto wa Masama si watoto wa kufunikwa mitumba. Watu wa vijiji vya jirani watapita hapo barabarani watucheke."

"Na masika je?" mama mmoja akauliza.

"Tutavumilia."

Tutavumilia! Yeye atavumilia Arusha. Damu ilinipanda. Nilitaka kusimama niseme, Julius, twende kwako sasa hivi na ngazi. Nilikuwa nimeshainua makalio kwenye dawati Salvina akanishika koti akanirudisha chini kwa mkono mmoja, na yule mama ana mkono.

Halafu akafanya kituko. Aliomba vijana wamletee bati moja lililong'oka na upepo, wakalinyoosha. Akapanga madawati mawili yameachana hatua moja, akalaza bati lile juu yake kama daraja, akavua viatu. Salvina wakati ule alikuwa na kilo tisini, na anazisema mwenyewe. Akapanda. Bati likajikunja katikati, akatua chini wima, gauni limejaa upepo, watu wakapiga kelele. Akalaza bati lake la kijivu. Akapanda. Likalia kidogo, likakaa. Akatembea juu yake kwenda na kurudi. Akamwita mwalimu mkuu apande naye, mwalimu akapanda, wakasimama wawili kama wako kwenye picha ya arusi. Watu walicheka mpaka wengine wakatoa leso.

Lakini Julius hakucheka. "Sijasema si imara," akasema. "Nimesema heshima."

Na hapo mzazi mmoja nyuma, simtaji kwa sababu tunasali naye, akapaza sauti: "Mama, hebu tutajie mtu mmoja, mmoja tu, mwenye heshima zake, aliyewahi kununua kwako!"

 Nilihesabu kwa macho. Kwenye yale madawati walikuwa wamekaa watu saba ambao madirisha yao niliyafunga mimi. Wote saba wakawa wanaangalia viatu vyao. Julius alikuwa anamwangalia Salvina, na shingo yake imetoka jasho. Neno moja tu lilitosha. Angelisema, mkutano ungekuwa wake, na shule, na kiwanja cha Njoro.

"Wapo," Salvina akasema. "Ila kuwataja si kazi yangu."

Akaketi. Watu wakaguna, wengine wakacheka kicheko kibaya. Mkutano ukafungwa, tusubiri Agosti. Niliona uso wake ukiwa mzito na nikajua anafikiria wale wanawake wanne kwenye reli. Nilikasirika naye. Mpaka leo sijui kama mimi ningeweza kunyamaza vile, na kusema kweli najua nisingeweza.

Kwetu mgeni aliyepanda mlima haondoki hajala. Hata uwe umemshinda kwenye mkutano, utamlisha. Mwenyekiti ndiye mwenye wageni, kwa hiyo tulikwenda kwa Julius sote, kamati, mwalimu mkuu, Salvina na mimi. Machalari, ndizi zetu za nyama, ilikuwa inanukia tangu uani, na pombe ya mbege iko tayari.

Bibi Elifuraha alikuwa amesimama barazani kutupokea, mfupi, kilemba cheupe. Miaka sabini na sita na meno yake yote.

"Shikamoo mama," Salvina akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Salvina alifika mlangoni akasita. Mlango namba moja. Hakuwa ameuona tangu siku ulipotoka Njoro. Akaweka kiganja juu ya yale maua, kidogo tu, kama unavyomgusa mtoto aliyekua, akaondoa mkono haraka. Lakini bibi alikuwa ameona.

"Unaufahamu mlango huu?"

Salvina akamwangalia Julius. Julius akaangalia migomba.

"Ni mlango mzuri, mama," Salvina akasema.

"Sijakuuliza uzuri." Bibi akageuka kwa mwanawe. "Wewe uliniambia umetoka wapi?"

"Dar es Salaam, mama."

"Dar es Salaam." Bibi akachuchumaa taratibu, akashikilia fremu, akaonyesha pembe ya chini upande wa kushoto. Palikuwa na doa jeusi, mviringo wa nusu, ambalo mimi siku zote nilidhani ni kasoro ya mti. "Hii ni pasi ya mkaa. Baba yako aliiweka barazani akijipangusa jasho, upepo ukausukuma mlango ukaigusa. Alipiga msasa wiki nzima halikutoka. Alikuja nyumbani likizo akanieleza hapo kwenye figa, anacheka na huku ana hofu, maana alijua atafukuzwa. Hakufukuzwa. Mimi nimewahi kulishika doa hili kwa mkono wangu, mwaka ule nilioshuka na ndizi za soko nikaenda kumwona. Nililishika nikiwa nimesimama nje."

Julius akainama kuliangalia doa.

"Siku walipouleta hapa niliujua, kabla fundi hajashusha nyundo. Nikanyamaza. Nilisema mwanangu ana aibu na ulikotoka, wacha nimfichie."

"Mama, sikujua," Julius akasema. "Walahi sikujua ni wa nyumba ile. Sikuuliza."

"Eliufoo," bibi akaniita, "wewe fundi. Mnaandikaga juu, nimesikia. Panda usome."

Nikaletewa stuli. Nilipanda, nikapuliza vumbi, nikasoma kwa sauti, maana walikuwa wote wanangoja: "Namba moja. Mansukhlal. Mlango wa mbele."

Bibi aliitikia kwa kichwa. Akamwambia mwanawe, polepole, kwa Kiswahili ili na wageni wasikie: "Baba yako Ndesario alifanya kazi katika nyumba ile miaka kumi na tisa. Mlango huu aliupaka nta kila Jumamosi. Na katika miaka kumi na tisa hakupita hapa hata siku moja, sheria ya mwenye nyumba ilikuwa boi wa nyumbani anapita nyuma. Ada yako ya shule ilitoka kwenye nta hiyo. Sasa upo kwake. Mimi napita hapa kila siku, Julius. Napita makusudi. Hata nikiwa sina kinachonipeleka nje, natoka nazunguka naingia tena."

Julius akaketi palepale kwenye ngazi ya baraza, na suti yake, akafunika uso. Tulisimama tukimwangalia mtu mzima akilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Machalari ilipoa. Alipoinuka alimwendea Salvina.

"Ungenitaja pale shuleni. Kwa nini hukunitaja?"

"Niliahidi," Salvina akasema. "Mwenyekiti, mabati yale yanaweza kupanda kesho?"

"Yapande leo," Julius akasema.

Hayakupanda siku ile, yalipanda Jumatatu, na gari la kwanza kubeba lilikuwa la Julius mwenyewe. Alikaa juu ya mzigo, hana miwani, mabati hayajafunikwa hata jani moja la mgomba, na pale wanapopita watu wengi alimwambia dereva apunguze mwendo. Kabla hatujainua kenchi ya kwanza alisimama juu ya dawati mbele ya wazazi wote.

"Mlitaka kutajiwa mtu," akasema. "Mlango wa nyumba yangu nilinunua kwa Mama Salvina. Nikamdanganya mama yangu mzazi. Ndiyo hivyo."

Akashuka, akashika nyundo. Wakaanza kusimama wale wengine, mmoja akasema madirisha yake, mwingine sinki, mwingine nondo zote za nyumba yake. Walisimama saba wangu, na wengine watano ambao hata mimi sikuwajua.

Tulifanya kazi mwezi mzima. Kulikuwa na watu wengi kuliko nyundo. Wanawake wa reli walipanda wote wanne kuja kuona misumari yao inaingia, na kila iliyopinda walinipigia kelele mimi. Tarehe kumi na nane Machi tuliweka bati la mwisho la kofia kwenye mgongo wa paa, na tarehe ishirini masika yakaja, mvua ile nzito inayoshuka na ukungu. Salvina alisimama katikati ya darasa la nne akaangalia juu. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya geji ishirini na nne mpaka mwalimu hasikiki, watoto wanapiga kelele kwa furaha, na chini sakafu kavu kabisa. Alifungua mikono kama anapokea mtu. Mimi nilifurahi kuliko siku ya arusi yangu, na mke wangu anajua.

Wiki ya Pasaka Mama Usha alipanda na Pratik kuja kuona. Salvina aliwapeleka kwa Bibi Elifuraha, na wale wamama wawili walisimama mbele ya mlango muda mrefu.

"Namkumbuka Ndesario," Mama Usha akasema. "Nilikuja kuolewa pale nikamkuta. Ile sheria ya mlango wa nyuma ilikuwa ya baba mkwe wangu. Ilikuwa mbaya, na mimi niliiona nikanyamaza."

"Tulinyamaza wengi," bibi akasema. "Ingia ule."

Wakapita wote wawili mlango wa mbele, bibi ametangulia kwa sababu ni kwake. Pratik hakutaja tena habari za ghala. Mwezi uliofuata alileta milango sita Njoro kwa gari lake, na ilipofika mwaka 2003 alikuwa ameshatupa na kiwanja cha pili.

Wateja sasa walikuja wenyewe, mchana, na wake zao. Na jambo la kwanza waliulizia alama. Huu ulitoka kwa nani? Yako wapi maandishi yake? Hapo nikaona heri nitubu. Nilimfuata Salvina kibandani nikamwambia habari za randa yangu, milango karibu thelathini.

"Thelathini na minne," akasema bila kuinua kichwa kwenye kadi. "Nani alikuwa anafagia maranda, Eliufoo? Nilikuwa nakuta herufi zangu zimekatwa nusu. Nilikuwa nangoja uchoke."

Adhabu yangu ilikuwa kuzirudisha. Desemba ile ya 1999 nilizunguka mlimani na jiko la mkaa, misumari na kadi za Salvina, nyumba kwa nyumba, nikichoma upya kile nilichofuta. Nilidhani nitaona aibu. Kila nilipokwenda niliwekewa kiti na mbege, na mwenye nyumba akawaita majirani waje waone.

Nyumba ya mwisho ilikuwa kwa Bibi Elifuraha. Nilimwambia wake hauhitaji kitu, alama yake ipo.

"Ipo juu huko, nani anaiona?" akasema. "Mimi nataka hapa." Akaweka kidole katikati ya mlango, kwenye usawa wa macho ya mtu anayeingia, kati ya yale maua.

Niliutia msumari kwenye makaa mpaka ukawa mwekundu. Nilichoma herufi moja moja, polepole, moshi wa mvule unanipanda puani: NDESARIO. Julius alikuwa amesimama nyuma yangu, na Salvina, na wajukuu. Nilipomaliza bibi alipitisha kiganja juu ya jina likiwa bado la moto, akajipaka nta kidogo kidoleni, akalipaka. Kisha akaufungua mlango mpaka mwisho, akajiweka kando, akasema, kama mtu anayemwona mgeni wake anakuja kwenye njia ya migomba:

"Karibu, baba Julius. Pita hapa."